Kizibo cha Gobori

Kila jioni ya msimu wa kuwinda, kabla maharagwe na mkate wa mahindi havijapakuliwa, gobori la Mama mdogo Verlene lililazwa juu ya meza ya jikoni. Darla, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa akilelewa na Verlene, alikuwa na kazi yake: kufungua kwa spana kizibo cha chuma nyuma ya mtutu, kukiosha kwa maji ya moto na sabuni, kuzibua kitundu chake kwa waya mwembamba, kukikausha, kisha kupaka grisi kwenye hesi, ile mikato ya kukikazia mtutuni. Katika kitundu hicho ndimo moto wa fataki, ikigongwa na nyundo ya bunduki, hupita kwenda kuwasha baruti.

Ijumaa hiyo Darla alirudi kutoka kuwinda msituni amechoka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Akapangusa mtutu kwa nje mpaka ukang'aa. Kizibo hakukigusa.

"Kizibo ushakisafisha?" Verlene aliuliza, akichochea kuni.

"Tayari, Mama mdogo."

"Na kitundu?"

"Nacho tayari."

Asubuhi waliamkia ukungu mzito. Milima yote ya Kentucky ilikuwa imemezwa, na miti ilionekana mashina tu, bila vichwa. Verlene alishindilia baruti na risasi, wakakaa chini ya mwaloni. Hata kunguru hawakulia. Baadaye kulungu dume akajitokeza, akasimama. Verlene akalenga, akafyatua.

Fataki ikalia, ta. Ikafuata sauti nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Halafu kimya. Kulungu akatoweka.

"Usisogee," Verlene alinong'ona, gobori likiwa bado begani. "Huenda baruti inaungua humo ndani."

Darla alijua sababu: moto ulikwama kwenye kitundu ambacho hakukizibua. Akafungua mdomo aseme, lakini sauti nyingine ikatangulia, ikitokea palepale kulungu alipokuwa.

"Sadie... Sadie, njoo nyumbani."

Sadie pekee ambaye Darla alimjua alikuwa amezikwa tangu majira ya kuchipua, ng'ambo ya kijito. Kitu cheupe kikajitokeza ukunguni, kirefu, kisicho na kishindo, kikaja moja kwa moja kuelekea mdomo wa mtutu.

Verlene akauinamisha mtutu upande, ukatazama udongo. Papo hapo gobori likalipuka lenyewe. Udongo ukaruka. Moshi ukachanganyika na ukungu, na Darla hakuona chochote.

Moshi ulipopungua, Mzee Orrin, jirani yao, alikuwa amesimama mbele yao akiwa na nguo nyeupe ya kulalia, miguu peku. Tangu afiwe na mkewe Sadie, akili yake ilikuwa ikimtoka na kumrudia.

"Mmemwona Sadie?" aliuliza kwa upole, kana kwamba hakusikia mlio. "Ametoka bila koti."

Verlene alivua koti lake akamvika. Darla akamfungia vifungo. "Twende nyumbani, Mzee Orrin. Binti yako atakuwa anakutafuta."

Walimfikisha kwa bintiye, ambaye alikuwa ameshazunguka zizini akimwita baba yake huku analia.

Jikoni, kizibo kilikataa kufunguka. Verlene alikidondoshea mafuta, akasubiri, akakaza mkono kwenye spana hadi kikatoka kikikwaruza. Kilikuwa cheusi tii, na kitundu kimezibwa na masizi magumu. Alikiweka mbele ya Darla.

"Sikukisafisha, Mama mdogo. Nilikudanganya."

"Na pale mwaloni ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Tangu ulipokuwa unashindilia niliogopa kusema."

Verlene akavuta kiti, akakaa karibu naye. Darla alichukua waya, akaanza kuchokoa masizi huku machozi yakimdondoka mezani.

"Nami nina kosa," Verlene alisema. "Nilipaswa kukikagua kabla sijashindilia, na kuanzia leo nitakikagua. Lakini kuchoka si kosa, mwanangu. Ungesema 'nimechoka', ningekisafisha mwenyewe, nawe ungelala zako. Ulisema 'tayari', nami nikaamini, nikainua bunduki. Neno hilo moja nusura limuue mzee wa watu aliyekuwa anamtafuta mkewe. Kazi uliyoiacha, sema umeiacha. Mwenzako anategemea ukweli wako, hata pale asipoweza kuona."