Watoto Mia Tatu na Kumi na Wawili wa Ziada

Simu kutoka Mwanza ililia Jumatatu, tarehe 17 Julai 1995, saa tatu na robo asubuhi, katika ofisi ya mradi wa kadi za watoto, Kinondoni. Aliyeipokea ni Tunu, mtunza kadi, na baadaye alitamani sana kwamba dakika ile angekuwa ametoka kununua maandazi.

"Mmetuletea wengi mno," sauti ya Mwanza ilisema.

"Wengi nini?"

"Watoto. Karatasi yenye sahihi yako inasema sitini na moja elfu, mia nne na nane. Sie tumehesabu mara mbili, tunapata sitini na moja elfu, mia saba na ishirini. Wamezidi mia tatu na kumi na wawili."

Wizi kila mtu anaujua: kitu kilikuwapo, sasa hakipo. Tunu aliweka simu chini akijua kwamba ofisi yao imepata mhalifu wa aina ngeni, yule anayeongeza.

Kwa miaka kumi mradi ule uliandikisha watoto wa kliniki za Temeke, Ilala na Kinondoni, kwanza kwenye kadi, kisha kwenye kompyuta. Sasa wafadhili walikuwa wameamua kumbukumbu zote zihamie kwenye seva mpya Mwanza. Kuzituma kwa waya wa simu kungechukua muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya watoto wangefika wakiwa na wajukuu. Kwa hiyo zilinakiliwa kwenye kanda tisa, kanda zikafungiwa ndani ya sanduku la chuma, na sanduku likapandishwa ndege Kipawa.

Amri ilikuwa moja: wahamishwe walio hai tu. Kila mtoto alikuwa na herufi yake, H kwa aliye hai na F kwa aliyefariki. Wenye F wangebaki kwenye mashine kuukuu, nayo ingefutwa Ijumaa inayofuata. Tunu aliwahesabu wenye H Ijumaa saa nne asubuhi, akasaini. Kanda zilirekodiwa saa nane mchana. Katikati ya saa hizo, F mia tatu na kumi na mbili ziligeuka H.

Kufufua watu ni kazi kubwa, na kwa kawaida haifanyiki kwenye ofisi zenye chai ya saa nne.

"Alhamisi Mwanza wanaanza kuchapa barua," alisema Bwana Albano, meneja, baada ya kuwakusanya wote. Ijumaa ile mchana yeye alikuwa mjini kwenye mkutano, na daftari la getini lilimshuhudia. "Kila mama anaandikiwa amlete mtoto kliniki. Mnaelewa barua hizo zitafika kwa nani?"

Walielewa.

Kompyuta huandika jina la kila anayeigusa. Ilikuwa imeandika jina la Mwinjuma, karani mwenzao.

"Ijumaa saa saba ulikuwa wapi?" meneja aliuliza.

"Msikitini, bosi. Unajua."

"Daftari la getini halijui. Hukusaini kutoka."

"Sie wa swala tunapitia kwenye tundu la michongoma, nyuma. Tangu lini mtu anasaini kwenda kuswali?"

"Nani alikuona huko?"

"Watu mia nne. Ila wote walikuwa wanatazama mbele."

Siku nyingine wangecheka. Bwana Albano alifunga faili. "Jumatano saa nne nataka maelezo. Yasipokuwepo, una barua ya kufukuzwa, na mimi nakwenda polisi."

Mkewe Mwinjuma alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mwinjuma, aliyekuwa akimtania hadi mkaguzi wa mahesabu, alitoka pale kimya na kukaa kwenye ngazi.

Tunu hakuwa mpelelezi. Alikuwa na tabia moja tu mbaya, ya kuhesabu vitu mara mbili. Alichapa orodha ya mabadiliko yote ya Ijumaa, kurasa kumi na tatu, akaenda nayo kwa Gozbert, mtaalamu wa programu. Gozbert aliomba kazi Mwanza wakamkataa, na mchana ule alikuwamo ndani ya jengo. Kwa Tunu hayo yalitosha kuanzia.

"Sista, unanishuku mie?"

"Namshuku kila mtu. Mpaka sanduku."

Gozbert alicheka kidogo, akavuta karatasi. "Ningetaka kuharibu ningeandika mstari mmoja. Sekunde mbili, wote wamefufuka. Tazama saa zilizoandikwa hapa. Huyu mtu amefungua mtoto, akabadilisha herufi, akamfunga. Halafu mwingine. Mmoja mmoja, sekunde nane kwa mtoto."

Tunu alitazama. Kumbukumbu ya kwanza ilibadilishwa saa sita na dakika hamsini na mbili. Baada yake, dakika tisa nzima, hakuna kitu. Kisha kuanzia saa saba na dakika moja walifuatana watoto mia tatu na kumi na mmoja bila kupumzika, hadi saa saba na dakika arobaini na mbili.

Alimfuata Mwinjuma kwenye ngazi. "Njoo unibadilishie mtoto mmoja kwenye mashine ya mazoezi."

"Mie mtuhumiwa, na bado unanipa kazi."

Mwinjuma alichapa kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta kandambili zake nje ya msikiti. Sekunde arobaini na sita.

"Ijumaa uliifunga mashine yako kabla ya kutoka?"

"Siifungagi. Ukiifunga, kuiamsha ni dakika kumi."

Kwa hiyo mtu mwingine alikalia kiti chake. Tunu alifungua daftari la getini. Mchana ule wengine wote, Tunu mwenyewe akiwamo, walikuwa wamesaini kutoka kwenda kula; ukimtoa Mwinjuma, waliokuwa ndani ni wawili: Gozbert, na Mama Isack.

Alilifunga daftari, kisha akalifungua tena kuona kama jina limebadilika.

Bi Margareta, Mama Isack, alikuwa mpiga chapa wao mkuu. Ndiye aliyemfundisha Tunu kuchapa kwa vidole kumi, akimfunika mikono kwa kitambaa asiitazame. Tangu Jumamosi alikuwa kwake Kipawa, anaumwa malaria. Ofisi nzima ilimjua Isack bila kumwona: yuko Bukoba kwa bibi yake, mwaka huu angeingia darasa la kwanza. Januari mama yake alimnunulia begi jekundu. Lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya kiti chake.

Tunu aliitafuta namba ya yule wa kwanza, wa kabla ya dakika tisa. Kisha akaenda kwenye kabati la kadi, droo ya Kipawa. Jina: Isack. Amezaliwa Machi 1988. Amefariki Agosti 1991, surua. Jina la mama lilikuwa pale pia, na Tunu hakuhitaji kulisoma mara mbili.

Jumanne saa kumi jioni alibisha hodi Kipawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniangalia?" Bi Margareta alikuwa amejifunga kitenge hadi mabegani. Aliiona bahasha ya ofisi mikononi mwa Tunu. "Kumbe hukuja kuniangalia."

"Ulianza na mmoja," Tunu alisema. "Halafu ukakaa dakika tisa."

Ndege ilipita juu ya bati ikitikisa vikombe. Walingoja ipite.

"Sikuwahi kudanganya," Bi Margareta alisema. "Mlinikuta naitwa Mama Isack, mkaniuliza Isack yuko wapi. Nikasema yuko Bukoba kwa bibi yake. Yuko huko, Tunu. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alisafirishwa nikiwa wodini, nina surua hiyo hiyo. Wenzangu walimpeleka, mie sikumsindikiza hata getini." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nikasikia kanda zinapelekwa Mwanza. Toka Mwanza ni kuvuka ziwa tu. Na huku mashine inafutwa. Nikasema safari hii nitampandisha ndege mwenyewe."

"Na wale wengine?"

"Nilipomaliza wangu nikainuka. Nikafika mlangoni. Moyoni nikawaona mama zao. Kadi zao nilizichapa mie, wengine nawajua kwa sura. Nichukue wangu, wao niwaachie wafutwe? Nikarudi kukaa."

Tunu alikuwa ameandaa maswali saba. Hakuuliza hata moja. Alisema tu, polepole: "Alhamisi wanachapa barua. Mia tatu na kumi na moja. 'Mama, mlete mtoto wako kliniki.'"

Bi Margareta alibaki na mkono hewani, kitenge kikiteleza.

"Na Mwinjuma anafukuzwa kesho," Tunu aliongeza. "Ni mashine yake."

"Mwinjuma? Kwa nini hamkuniambia?" Tayari alikuwa ameinama, anatafuta viatu chini ya kitanda.

Jumatano saa nne kamili Bi Margareta alisimama mbele ya wote akasema yote, bila kujitetea. Bwana Albano alipokea barua yake ya kuacha kazi, akaikunja bila kuisoma. "Nimeipokea," alisema. "Mwinjuma, nisamehe, ndugu yangu. Sasa pigeni Mwanza."

Laini ilipatikana saa tano. Bi Margareta aliomba azisome namba mwenyewe. Tunu alishika orodha, akipiga mstari kila iliposomwa. Sauti ya Mwanza ilirudia kila namba, ikasema "F", ikangoja nyingine. Mchana ulifika, hakuna aliyekwenda kula. Alisoma mia tatu na kumi na moja, zote kwa sauti ile ile aliyomfundishia Tunu kuchapa. Kisha akanyamaza.

"Imebaki moja, mama," Mwanza ilisema. "Mama? Mko hapo?"

Mdomo wake ulifunguka, namba haikutoka. Tunu naye alijaribu, akashindwa. Mwinjuma alikuja taratibu, akautoa mkono wa simu kwenye kiganja cha Bi Margareta kidole kimoja kimoja, na akasoma tarakimu tano. Hakufanya haraka.

"F," Mwanza ilisema. Wakasikia mtu akihesabu. "Sitini na moja elfu, mia nne na nane. Imelingana."

Tunu aliandika saa: tisa na dakika kumi na nane, akasaini. Chini ya sahihi aliibana kadi moja ya droo ya Kipawa, akafikiri, akaichomoa na kuitia ndani ya begi jekundu.

Mwinjuma alikuwa amekwisha kulichukua begi begani na kufungua mlango.

"Twende nikusindikize, Mama Isack," alisema. "Leo tunapita getini."