Mahali pa Kujibu

Jua lilikuwa limeshagusa mashamba ya pamba, na Silvesta alikuwa anafunga kibanda chake pale Masumbwe, aliposikia mtu anakohoa nyuma yake. Alikuwa mama mmoja mtu mzima. Kanga mpya, miguu mitupu, na mikono imejaa udongo mbichi kana kwamba ametoka kulima sasa hivi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Wewe ndiye unayekata nyimbo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ndiye. Silvesta alikuwa fundi redio, lakini sifa yake hasa ilitokana na nyimbo za mashindano. Miaka ile shule zilishindana kwa mazoezi ya viungo. Watoto walipinduka, walipandana mabegani, walipanga maumbo uwanjani, na kila shule ilipewa muda wake. Wimbo ukizidi, alama zinapungua. Tena mtoto hawezi kupiga sarakasi huku anaimba, kwa hiyo wimbo ulirekodiwa kwanza. Silvesta alikuwa na mashine ya kurekodia ya magurudumu mawili aliyouziwa na Taherali, mwenye duka kule Kahama. Kwa wembe na selotepu aliweza kuukata utepe na kuuunga hadi mwimbaji mwenyewe asijue kilichotoka. Alijivuna sana kwa hilo, na majivuno yake yaliwachosha watu.

Yule mama alisema anawafundisha wasichana wa Nyahanga, na alitaka ule wimbo ulioipa ushindi shule ya Masumbwe. Silvesta akacheka kwa furaha, maana aliyesikika humo alikuwa mwanawe. Mwalimu Justa anaita, "Mwanangu uko wapi?" Ngoma inanyamaza. Halafu Lukresia, binti yake wa pekee, anajibu peke yake kwa kasauti kembamba: "Nipo, mama, nipo." Hata wazee wagumu wa ushirika walikuwa wakiusikia wanatabasamu bila kujijua.

"Anayeita mwache," alisema yule mama. "Anayejibu mtoe. Mahali pake weka utepe mtupu."

"Si patakuwa kimya, mama?"

"Wasichana wangu watajibu kwa viungo."

Akaweka mezani boksi zima la betri mpya, miaka hiyo ambayo betri zilisakwa kuliko nyama. Hapo maswali ya Silvesta yakaisha. Nakala ya wimbo hakuwa nayo, kwa kuwa mashine ilikuwa moja tu. Akajiambia, kwani Luki si yupo? Jumapili akitoka kanisani nitamrekodi tena.

Akawasha chemli, akakata. Kila "nipo" ilianguka mezani, kipande baada ya kipande.

Yule mama alivizoa vyote, akavifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka na utepe wake bila kuaga. Kibandani ikabaki harufu ya udongo uliochimbuliwa...

Nyumbani, Anisia mkewe alipoyasikia hayo aliacha kusonga ugali.

"Vipande umempa? Vya sauti ya nani? Baba Luki, hata nywele za mtoto tunazifukia!"

"Ni vya ngoma tu," alidanganya Silvesta, ili ale kwa amani.

Asubuhi Luki aliamka sauti imekauka. Walidhani ni mafua. Jioni homa ikampanda. Akiitwa alifungua mdomo, akawatazama wazazi wake, machozi yakamtoka, lakini neno halikutoka. Wiki haikuisha. Walimzika kwenye makaburi ya misheni, na Silvesta, aliyekuwa anaongea kuliko redio zake, hakuweza hata kuitikia sala. Alikuwa mtoto wao mmoja. Uchungu ule ulimkaa kifuani usiku na mchana, na hakuwa na wa kumweleza.

Mwalimu Justa aliulizia Nyahanga. Walimu wa kule walishangaa tu. Hawakuwa na mama wa namna hiyo.

Ndipo bibi yake Luki, aliyekuja matanga kutoka Ushirombo, akasema kile ambacho wote walikiogopa. Mtoto hakufa. Amechukuliwa msukule, amefichwa mahali anatumikishwa na aliyemchukua.

"Mzazi akimkuta, amwite jina," alisema bibi. "Mtoto akijibu kwa mdomo wake, anarudi nyumbani. Asipojibu, basi tena."

Anisia alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Kila jioni alisimama uani akamwita mwanawe. Silvesta alikuwa akimsikia, na anajiuma midomo.

Siku moja, magharibi, alikuwa anatoka kupeleka redio ya mteja, akakatiza nyuma ya ghala la pamba. Kijiupepo kikamletea ngoma.

Akasimama.

Fundi anaijua kazi yake. Kuna mkwaruzo mdogo pale selotepu inapopita kwenye mashine, na mtu mwingine yeyote asingeusikia. Yeye aliusikia. Ulikuwa utepe wake.

"Mwanangu uko wapi?"

Kimya...

Ndi!

Kishindo cha miguu mingi ikitua pamoja.

Akatambaa katikati ya miti ya pamba. Harufu ile ya udongo ilimjaa puani. Mbele kulikuwa na uwazi, na kwenye uwazi mashine inazunguka, na mstari wa wasichana. Wimbo uliwaita, wakapinduka nyuma, wakatua. Watoto wakicheza hivyo hucheka, huhema, husukumana. Hawa hakuhema hata mmoja. Mikono yao ilikuwa myeusi kwa udongo hadi kwenye viwiko.

Wa mwisho kwenye mstari alivaa gauni la kanisani. Silvesta ndiye aliyemvika, siku ya kumzika.

"Luki!"

Akageuka.

"Lukresia, mwanangu! Ni mimi, baba!"

Alimjua. Macho yalimjaa machozi, kidevu kikatetemeka kama ilivyokuwa tangu akiwa mdogo. Akafungua mdomo. Akaufungua zaidi, mishipa ya shingo ikasimama.

Hakuna sauti.

"Jibu, mama," Silvesta alinong'ona. "Neno moja tu. Sema nipo. Nakuomba, mwanangu, sema nipo!"

Luki akafumba mdomo taratibu. Akainua mikono juu, akapinduka nyuma, akatua.

Ndi!

Akamtazama baba yake, anasubiri, kama mtoto aliyefanya yote anayoyaweza.

Pumzi ya baridi ikamgusa Silvesta sikioni.

"Si amekujibu, fundi?"

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Aliporudisha macho kule mbele, hapakuwa na wasichana wala mashine, ila matuta yaliyolimwa upya, mabichi, hadi mwisho wa macho.

Alifika nyumbani giza linaingia. Anisia alimtazama usoni, akaweka chini ungo.

"Umemwona."

"Sijaona kitu."

"Baba Luki!"

"Sijaona kitu, mama Luki."

Anisia akatoka uani kama kawaida yake. Silvesta akabaki jikoni, ameshika kichwa, akamsikia anaita kwa sauti iliyokwisha kukwaruka kwa kuita.

"Lukresia! Mwanangu, uko wapi?"

Kimya.

Halafu, nyuma ya banda la kuku...

Ndi!

Silvesta aliinua kichwa. Anisia alisubiri kidogo mlangoni, sikio kalitega, anatafuta kasauti kembamba. Kisha akaingia, akakaa, akajifuta macho kwa kanga.

"Hajibu," alisema. "Mbuzi wa jirani tu wanarukaruka huko."

Silvesta alifungua mdomo. Alitaka kumwambia ameshajibu, toka hivi sasa, kamkumbatie. Lakini angeulizwa kwa nini mtoto hajibu kwa mdomo, na ingebidi amtaje aliyeshika wembe.

"Labda kesho," alisema Anisia.

"Ndiyo, mama Luki. Labda kesho."

Huko nje mtoto aliruka tena, na tena, mpaka akachoka.