Zita na Maswali ya Baiskeli

Ulikuwa msimu wa kahawa, mwaka 1971. Huko Kitura, kijiji cha milimani, Zita alikuwa akichuma, na mdomo wake ulifanya kazi zaidi kuliko mikono. Baba yake, Thadei, alichuma mstari wa pili. Thadei alikuwa katekista, mwalimu wa dini kanisani. Kwake yeye, elimu yote iliingia kichwani kwa mlango mmoja tu: swali, jibu, swali, jibu.

"Baiskeli ni nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Baiskeli ni chombo chenye magurudumu mawili!" Zita alijibu kwa Kiingereza, bila kupumua.

"Ina faida gani?"

"Baiskeli ina faida tatu!"

Hata kunguru wa shamba lile, kwa kuyasikia kila siku, walikaribia kufaulu mtihani.

Zita alitaka kuwa muuguzi. Vitabu vya chuoni vilikuwa vya Kiingereza, kwa hiyo waombaji walihojiwa kwanza kwa Kiingereza, mjini Songea. Mwaka uliopita aliulizwa habari za baiskeli, maana muuguzi wa vijijini huzunguka kwa baiskeli. Zita alijibu neno moja moja, akaangushwa. Sasa alikuwa ameitwa tena, na mara ya tatu haikuwepo. Ndipo baba akaandika maswali arobaini na majibu yake, na Zita akayameza yote.

Saa nne akapita Mwanabibi, muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Tanga. Alikuwa akisukuma baiskeli yake kupanda mlima.

"Shikamoo, mama," Zita alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Baba Zita, leo mnachuma au mnasali?"

"Tunasoma Kiingereza, mama," Thadei alisema. "Mwulize lolote. Hakosei."

Mwanabibi akauliza kwa Kiingereza, polepole: "Je, wewe unapenda kupanda baiskeli?"

"Baiskeli ni chombo chenye magurudumu mawili!"

Thadei alitabasamu kwa fahari. Mwanabibi alicheka mpaka akashika kiuno.

"We Zita! Nimekuuliza kama unapenda. Au unadhani hiki ninachokisukuma ni mbuzi?"

Machozi yalimlengalenga Zita. "Mama, swali hilo halimo katika arobaini."

"Ndiyo shida yenyewe. Maswali hayaishi, huwezi kuyameza yote. Sikia. Jibu kwanza ulichoulizwa. Kisha sema kwa nini. Halafu toa mfano wa jambo uliloliona mwenyewe."

"Mimi sina baiskeli. Nimeona nini?"

"Baba yako mdogo Sixtus anashushaje kahawa kwa baiskeli yake?"

Zita akacheka bila kutaka. "Ah, yule! Breki zake zilikufa zamani. Anafunga tawi kubwa nyuma, linaburuta chini, ndiyo breki. Juzi kamba ilikatika. Tukamkuta kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, katikati ya maharage, miguu juu! Gunia limekaa pembeni kama mgeni."

"Sema hivyo hivyo kwa Kiingereza."

"Neno 'tawi' silijui."

"Unajua 'mti'? Unajua 'vuta'? Basi sema baiskeli inavuta mti mdogo. Neno likikukimbia, zunguka, ulikute mbele."

"Na nisipoelewa swali?"

"Mwombe arudie."

"Umrudishe mkubwa nyuma?" Thadei alishtuka. "Hiyo si adabu!"

"Baba Zita, mgonjwa akiniambia habari nisizozielewa, nimpe dawa hivyo hivyo kwa adabu?"

Thadei alikuna kichwa. Mwishowe akakunja karatasi yake ya maswali arobaini, akaitia mfukoni. "Haya. Lakini muulizaji bado ni mimi."

Kwa wiki tatu walichuma na kuzungumza. Kila siku maswali yalikuwa mapya. Zita alikosea, akacheka, akaendelea. Mwanabibi alipopita, alimtega kwa swali moja gumu kabla ya kusema kwaheri.

Siku ya mahojiano ilifika. Mhoji alikuwa bwana mwenye miwani, na Kiingereza chake kilikwenda mbio. Zita hakuelewa swali la kwanza. Magurudumu mawili yakamjia hadi ncha ya ulimi. Akayameza.

"Samahani, bwana. Naomba urudie."

Mhoji hakukasirika. Alirudia: "Ungependa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli?"

"Kwetu napenda miguu," Zita alijibu. "Kwa sababu milima ni mikali. Ukipanda, unaisukuma baiskeli. Ukishuka, baiskeli inakusukuma wewe." Kisha akasimulia habari za Sixtus na mti wake mdogo.

Mhoji alivua miwani, akafuta macho kwa kucheka. "Aliumia?"

"Goti, bwana. Nilichemsha maji, yakapoa, nikaosha kidonda. Kisha nikakifunga kwa kitambaa safi."

Mhoji aliandika kwa muda mrefu.

Barua ilifika baada ya mwezi, na Zita akapanda lori la ushirika kwenda chuoni. Siku ya kwanza darasani, mwalimu aliuliza kwa Kiingereza: "Nani ataanza kujieleza?"

Wanafunzi wote waliinamia madaftari yao. Zita alikuwa ameshasimama.