Kelele za Saa ya Kusoma

Mtaa wa Njiru huamka mapema. Kabla jua halijapanda juu ya fleti, akina mama wamepanga mitungi kwenye mfereji wa ploti, ua wa nyumba za kupanga. Watoto wanasugua meno mlangoni. Kisha mkokoteni wa vyuma unapita, na kipaza sauti chake kinarudia maneno yale yale:

"Tunanunua chuma kuukuu! Betri kuukuu! Friji mbovu! Sufuria zilizotoboka!"

Na kila siku, kutoka nyumba nambari sita, sauti ndogo inajibu kupitia puani, kama kipaza sauti chenyewe:

"Na waume waliochakaaaa! Tunanunua!"

Ploti nzima hucheka. Hata mwenye mkokoteni hucheka.

Huyo ni Tiffany. Ana miaka minane na yuko Gredi ya Tatu. Baba yake, Ndirangu, hukata akala, vile viatu vya tairi, katika soko la Kariokor. Mama yake, Wangu, hushona sare za shule kwa cherehani barazani. Nyumbani Tiffany ni kichekesho. Shuleni ni hadithi nyingine.

Jumatatu moja alileta barua. Wangu aliisoma akiwa amesimama.

"Imesema nini?" Ndirangu akauliza, mdomo umejaa chai.

"Amevuruga darasa mara kumi na moja mwezi huu. Mwalimu Mkuu anampa wiki tatu. Asipobadilika, tumtafutie shule nyingine."

"Shule gani nyingine?"

Wangu aliikunja barua. Wote wawili walijua. Shule nyingine ya karibu iko ng'ambo ya barabara ya Kangundo. Malori ya mawe hupita pale tangu alfajiri, na dereva wa lori la mawe haoni mtoto. Mwaka uliopita tu wazazi wa upande ule walilala barabarani wakidai matuta. Waliahidiwa matuta. Hadi leo wanakanyaga ahadi.

"Tiffany!" Ndirangu akaita. "Kwa nini unasumbua mwalimu?"

"Sijui, Baba."

"Hujui? Basi mimi dawa yako naijua."

Kesho yake Ndirangu alipitia shuleni kabla ya kwenda kazini. Alimkuta Madam Clare, mwalimu wa darasa, akisahihisha vitabu. Alimwekea mezani kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Madam, nimekuletea zawadi. Nimeikata mwenyewe."

Madam Clare akafungua. Kilikuwa kiboko cha tairi, kimesuguliwa vizuri, na mpini wake umeshonwa kwa ngozi.

"Raba ya lori hiyo," Ndirangu akasema kwa fahari. "Haikatiki. Shule tatu za huku zinazo. Mchape tu, mimi nimekupa ruhusa."

"Baba Tiffany, wewe huwezi kunipa ruhusa ya kuvunja sheria. Kuchapa mtoto shuleni kumekatazwa zaidi ya miaka ishirini sasa."

"Sheria haiko hapa darasani."

"Mimi ndiye niko hapa. Niko na watoto hamsini na wanane, na sauti imekwisha. Lakini hiki rudi nacho."

"Sasa akisumbua wewe humfanya nini?"

"Humtoa nje."

Ndirangu alirudi na zawadi yake kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Yeye alichapwa. Baba yake alichapwa. Babu yake alichapwa na mzungu katika shamba la kahawa, akaambiwa kwamba Mwafrika husikia kwa mgongo. Uongo ule ulitoka shambani ukapanda gari la moshi, ukaja mitaa hii ya Eastlands, ukaingia darasani, ukakaa. Waliouleta walienda zao. Sisi tukabaki tukiulisha.

Jioni alimsimulia mkewe pale barazani. Jirani yao Phelister alikuwa akianua nguo. Ploti nzima humwita Mama Sylvance. Yeye hufanya kazi katika kituo kinachopima watoto wanaopata shida shuleni. Alisikia yote, maana kuta za ploti hazina siri.

"Raba ya lori!" Phelister akacheka mpaka kibanio kikamtoka mkononi. "Baba Tiffany, ulitaka mtoto asome ama ulitaka kumtilia breki?"

"Cheka tu, Mama Sylvance. Wako ametulia."

"Sylvance alikuwa akirusha viatu juu ya paa la kanisa. Hebu niambie. Tiffany husumbua saa ngapi?"

"Kila saa," Ndirangu akasema.

"Hapana. Barua imesema mara kumi na moja. Mwezi una masaa mangapi ya darasa? Zile mara kumi na moja zilikuwa saa ngapi? Nini kilitangulia? Nini kilifuata?"

Wangu akaisoma barua tena; saa hazikuandikwa.

"Mnajua idadi ya makosa," Phelister akasema. "Hamjui mtoto anatafuta nini. Mtoto hapigi kelele bure. Kelele humpa kitu, au humwepusha na kitu. Ukijua ni kitu gani, umeshika mzizi wa jambo."

Kwanza alimpeleka Tiffany kupimwa macho na masikio. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akachora mistari katika daftari mbili ili ukurasa uwe na sehemu tatu: kabla, alichofanya, baada. Daftari moja ilibaki kwa Wangu. Nyingine alimpelekea Madam Clare.

"Kazi nyingine tena?" Madam Clare akauliza. "Mama, mimi tayari najaza fomu mpaka za choo."

"Mstari mmoja tu kila akisumbua, Mwalimu. Kwa siku tano."

"Siku tano. Ya sita nakurudishia."

Jumamosi ya wiki ya pili walikutana nyumbani kwa Wangu. Kulikuwa na chai na mandazi. Madam Clare alikuja na daftari, uso wake si ule wa wiki nzima.

"Nilidhani atajaza kurasa," akasema. "Amesumbua mara tatu tu. Na mara zote tatu ni saa ile ile: saa ya kusoma kwa sauti. Zamu ikibakisha watoto wawili imfikie, anaanza kipaza sauti chake. Betri kuukuu, friji mbovu. Darasa linaanguka kwa kicheko."

"Na baada?" Phelister akauliza.

"Namtoa nje. Zamu inaruka kwa mwingine."

"Na wewe, Mama Tiffany?"

Wangu alisoma pole pole. "Hapa nyumbani ni tukifungua kitabu cha kusoma. Anaigiza, baba yake anacheka. Akizidi, baba yake anafoka. Mimi nafunga kitabu ili kuwe na amani."

Phelister alitafuna mandazi yake. Ndirangu ndiye aliyejishika kichwa.

"Ngoja. Kila akipiga kelele, hasomi?"

"Kila mara."

"Kwa hivyo sisi ndio tumemfundisha?"

"Sisi wote," Madam Clare akasema. "Mimi nikiwa wa kwanza."

Walimwita Tiffany. Phelister alimkalisha karibu na sahani ya mandazi.

"Tiff, hakuna mtu amekasirika. Tuambie, saa ya kusoma huwa unajisikiaje?"

Tiffany alitazama sakafu. "Nikisoma nakwama. Kyalo wa darasani kwetu huniita simu isiyo na chaji. Wakinicheka kwa kukwama, inaniuma. Wakinicheka kwa kipaza sauti, ni tamu." Akafikiri kidogo. "Na nikitolewa nje, Kate wa jikoni ya shule hunionjesha githeri, yale mahindi na maharagwe."

Madam Clare alijaribu kukaza uso. Hakuweza. Alicheka, kisha akapangusa macho, na si kicheko tu kilichoyatia maji.

"Haya basi," Phelister akasema. "Kazi iko hapa. Mtoto hakuzaliwa mbaya. Anakimbia aibu. Tumpe njia nyingine ya kuikwepa, na ile ya kelele tuifunge. Mwalimu, mtu akikwama darasani afanye nini?"

"Ainue vidole viwili. Nitamsaidia neno hilo, kisha aendelee."

"Vizuri. Lakini sheria hiyo iwe ya darasa zima, si yake peke yake. Na ukurasa wake aujue jana yake, asikutane nao kama ajali. Akipiga kelele usimtoe nje. Usimhubirie. Mwambie kwa sauti ya chini: soma sentensi moja, halafu utakaa. Akiisoma, msifu papo hapo, na umwambie umemsifia nini. Usiseme tu 'mtoto mzuri.' Sema, 'Ulikwama ukajaribu tena.'"

"Na nyumbani?" Wangu akauliza.

"Maneno yale yale. Dakika kumi kila jioni. Shule ikivuta huku na nyumbani kukivuta kule, mtoto hupasuka katikati."

Ndirangu akainua mkono kama mwanafunzi. "Na akikataa kabisa?"

"Atakataa. Hapo ndipo wengi huanguka. Siku za kwanza kelele zitazidi. Kelele zimemlipa siku nyingi, hawezi kuziacha bila kupigana. Msicheke. Msifoke. Msimguse. Ngojeni."

Na kweli zilizidi. Jumatatu jioni Tiffany aliuza friji, betri na sufuria zote za Njiru. Wangu aliuma pembe ya leso ili asicheke. Jumanne aliongeza jogoo na king'ora cha zimamoto. Mshipa wa shingo ya Ndirangu ukavimba. Mkono ukaanza kupanda.

"Baba Tiffany," Wangu akasema polepole. "Hii ni siku ya pili tu."

Mkono ukashuka. Ndirangu akavuta pumzi, akasema kama karani anayesoma mashtaka kortini:

"Soma sentensi moja. Halafu tutapumzika."

"Betri kuukuu!"

Kimya.

"Friji mbovu?"

Kimya. Tiffany alimtazama baba yake, akamtazama mama yake. Hakuna aliyenunua. Akavuta kitabu.

"Mbu... mbuzi wa Musa a-li... ali-ru-ka ua."

"Umerudi kwenye kitabu mwenyewe," Ndirangu akasema. "Bila kusukumwa. Hilo limenifurahisha."

"Baba, mbona unaongea kama chifu?"

"Ndiyo najifunza. Usinicheke nikikwama."

Shuleni nako kulikuwa na jambo. Madam Clare alipotangaza sheria ya vidole viwili, alitarajia vidole vya Tiffany. Siku ya kwanza waliinua watoto kumi na wanne. Wa kwanza kabisa alikuwa Kyalo, yule wa simu isiyo na chaji. Miaka miwili walikuwa wamekaa kimya, wameinamisha vichwa, na kila mtu akawaita watoto wazuri. Hakuna aliyewaandikia barua. Mtoto anayezama kimya haonekani. Yule anayepiga kelele ndiye hutakiwa afukuzwe.

Madam Clare aliwapanga wawili wawili, anayejua na anayejifunza. Tiffany alipata kazi pia: kugawa vitabu kabla ya somo na kuvikusanya. Miguu yake ilihitaji kazi, nayo ikapata. Mara moja tu wiki ile aliigiza kipaza sauti. Madam Clare hakugeuka hata. "Sentensi moja, Tiffany," akasema, na darasa likangoja. Siku iliyofuata Tiffany aliinua vidole viwili, na Madam Clare akamwambia mbele ya wote, "Umeomba msaada badala ya kukimbia. Huo ni ujasiri."

Kate wa jikoni alikuja kuuliza dirishani, "Mpenzi wangu wa githeri ameenda wapi?"

"Yuko kazini," Madam Clare akamjibu.

Ijumaa ya wiki ya tatu ilifika. Mwalimu Mkuu, Bwana Wanyonyi, aliingia darasani na faili mkononi, akaketi nyuma. Wangu alikuwa amesimama mlangoni na tepu ya kupimia nguo shingoni, maana alikuwa ametoka mbio. Ndani ya faili ile kulikuwa na barua ya uhamisho. Ilikosa sahihi tu.

Zamu ilianza. Ikabaki watoto watatu. Ikabaki wawili. Wangu aliona bega la binti yake likipanda, kama linavyopanda kabla ya kipaza sauti. Darasa lilimtazama Tiffany. Wengine walikuwa wameanza kutabasamu.

Tiffany akasimama.

"Siku ya so-ko," akasoma, "Nyanya a-li-beba..." Akakwama. Mdomo ukafunguka. Wangu akafumba macho.

Alipoyafumbua, vidole viwili vilikuwa hewani.

"Vi-ka-pu," Madam Clare akasaidia.

"Ali-beba vikapu viwili vya ma-ti-ki-ti."

"Neno gumu hilo la mwisho, na umelivunja silabi kwa silabi mwenyewe," Madam Clare akasema. Tiffany akaketi. Hakuna aliyecheka. Kyalo aligonga ngumi yake chini ya dawati, gota ya kirafiki.

Bwana Wanyonyi alitoa barua kwenye faili. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mama, mtoto wako yuko hapa hapa," akamwambia Wangu. Kisha akamgeukia Madam Clare. "Hiyo daftari yako ya sehemu tatu, nipe niione. Niko na barua nyingine nne kama hii ofisini. Nataka kujua wale nao wanakimbia nini."

"Na barua zenyewe, Mwalimu Mkuu?" Wangu akauliza. Alikuwa amepata lake, lakini hakuondoka mlangoni.

Bwana Wanyonyi alifunga faili. "Hazitatoka kabla ya daftari kujazwa."

"Sawa. Nitakuja kuuliza."

Masomo yalipokwisha, nje ya lango Wangu alimpigia mumewe simu. Kariokor kulikuwa na mlio wa nyundo, nyundo ishirini kwa pamoja.

"Amebaki?" Ndirangu akapiga kelele.

"Amebaki!"

"Amesoma?"

"Amesoma. Hebu ngoja, anataka kukusomea mwenyewe."

Tiffany akashika simu kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine. Kule sokoni Ndirangu aliinua mkono, akawaashiria mafundi wenzake. Nyundo moja ikanyamaza, kisha nyingine, mpaka safu nzima ya akala ikawa kimya.

"Nyanya a-li-rudi nyu-mba-ni," sauti ikasema. "A-ka-wa-pa wa-ju-kuu..."

Ikakwama.

Ndirangu hakumsukuma. Hakumtajia neno, maana hakuwa ameomba msaada. Alingoja, raba mkononi. Mafundi nao walingoja. Mteja mmoja alitaka kuuliza bei, akazuiwa kwa kidole mdomoni.

"...ma-ti-ki-ti!" Tiffany akamaliza.

Kariokor nzima ikapiga makofi.