Ndizi za Sokwe

Jioni ile Elizabeti alifagia uwanja kama kawaida, akabandika maji ya ugali, kisha akaketi kupanga begi lake. Kesho yake klabu ya mazingira ya shule yao, pale Kimamba, ingepanda treni kwenda Kigoma kuwaona sokwe wa msituni. Mwaka mzima walikuwa wamelima mchicha na kuuza ili wapate nauli. Usingizi ungetoka wapi?

Bibi yake, Costancia, akaleta chane ya ndizi mbivu. "Wapelekee hao sokwe. Mjukuu wangu haendi ugenini mikono mitupu."

Elizabeti akanywea. Mwalimu Damiano alishawaambia kwamba atakayebeba chakula cha kuwapa wanyama atabaki. Lakini angemkataliaje bibi aliyemlea tangu mchanga? Akazitia ndizi begini, roho ikimuuma.

Asubuhi, shuleni, mwalimu aliuliza kama wote wamefuata masharti.

"Nyamaza tu, nani atajua?" rafiki yake Brayan alimnong'oneza.

Elizabeti akasimama. "Mwalimu, nina ndizi. Bibi amewatumia sokwe."

Wenzake wakacheka. Machozi yalimlengalenga, maana aliiona safari ikimponyoka. Mwalimu hakumkaripia. Treni ilikuwa bado, hivyo akafuatana naye hadi nyumbani.

"Shikamoo, bibi," mwalimu alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini tena?"

"Bibi," mwalimu akaeleza, "sokwe huambukizwa mafua yetu, na yanaweza kuwaua. Hata ndizi tuliyoishika inaweza kuwapelekea ugonjwa. Tena wakizoea kulishwa, watawafuata watu. Wale nyani wa barabara ya Mikumi umewahi kuwaona?"

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Nimewaona. Siku moja nikitoka Iringa kwa basi niliwarushia mahindi dirishani. Mmoja akayakimbilia, mtoto wake kamng'ang'ania tumboni. Lori likawapitia wote wawili." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nami nilidhani nimetenda wema."

Elizabeti hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alimsogelea bibi yake, akamshika mkono.

"Ungezificha ndizi, ungebaki," mwalimu akamwambia. "Umesema kweli, utakwenda."

"Umefanya vyema kusema, mjukuu wangu," bibi alisema, akizitoa ndizi begini. "Nenda ukawaone, lakini ukae mbali nao, na ukijisikia mafua usiwakaribie kabisa. Ukimpenda mnyama wa porini, mwache aishi maisha yake. Ningalijua hayo siku ile, yule nyani angalimlea mwanawe."