Mikono ya Mfiwa

Siku hizi rafiki yangu Mabrouk ukimpa mkono haupokei. Ana duka la picha Mlandege, na alikuwa akizitia rangi kwa kompyuta picha za zamani za kiongozi mmoja mashuhuri. Moja ilimwonyesha kiongozi huyo kwenye mlango wa nyumba moja huko Fumba, kaenda kutoa pole. Ndani, juu ya mkeka, kaketi mjane. Mabrouk aliiona mikono ya mama yule imepauka, akaipaka hina. Picha akaitundika dukani, watu wakaisifu.

Mchana mmoja akaingia bibi mmoja, Bi Mwanapili, akaitazama sana.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Huyo mama yangu, mwanangu. Hapo yumo edani, baba hata arubaini hajatimiza. Mwenye eda hajipambi, ndo umemtia hina?"

Mabrouk akainamisha uso. Bibi akajiondokea.

Alipoketi kwenye kompyuta aifute hina ile, umeme ukakatika. Duka halina dirisha, na mlango alikuwa kaufunga. Gizani, nyuma yake, akasikia maji yakimiminwa na mtu akisugua mikono, polepole, kisha kwa nguvu, huku akivuta kamasi.

Taa zikawaka. Hapakuwa na mtu. Ukutani kiongozi alikuwa na rangi zake zote, ila mikono ya mjane imerudi kijivu. Mabrouk akashusha pumzi, akanyanyua mikono ajifute jasho. Viganja vyake vyote viwili vimekolea hina, mpaka kwenye kucha.