Nyekundu ya Kesho

Kisanduku cha kesho kilikuwa chekundu, na kesho yenyewe haijafika.

Karani wa kiwanda cha nguo alifikicha macho. Jedwali la mahudhurio kwenye kompyuta alilitengeneza mwenyewe: akiandika "yupo" kisanduku kinageuka kijani, akiandika "hayupo" kinageuka chekundu, kikiwa kitupu kinabaki cheupe. Wiki hii vitupu viwili vilijipaka rangi vyenyewe, cha fundi wa boila na cha mpiga pasi. Siku zao zilipofika, walikutwa vitandani macho wazi, hawasemi, hawali, nywele zinanuka moshi. Safari hii mstari ulikuwa wa mdogo wake, mshonaji.

"Dada, usinifiche," mdogo wake alinong'ona mlangoni. "Ni mimi?"

"Ni wewe. Njoo ukae hapa, na usilie, utampa kichwa huyo jini aliyeingia humu."

Akafungua orodha ya kanuni za rangi. Chini ya zile zake mbili palikuwa na ya tatu, isiyo na sharti lolote, nyekundu tupu. Akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani mchana kweupe, na ndani ya kompyuta kitu kikaanza kupumua, taratibu kwanza, kisha mbiombio, kisha kwa mngurumo ulioingia mezani, ukapanda vidoleni mwake hadi kwenye meno, huku mdogo wake amemng'ang'ania kiunoni asijue anamvuta dada yake au anajishikiza asianguke.

"Tukimbie, dada!"

"Niikimbie kazi yangu mwenyewe? Thubutu!"

Alikuwa anaogopa. Lakini jini huyu alikuwa mgeni ofisini, hakujua kwamba kanuni ya juu ndiyo husikilizwa kwanza. Karani akaandika mpya, akaiweka juu kabisa: tarehe isiyofika isipakwe rangi, na za chini yake zisisomwe. Wekundu ukafutika.

"Na kesho ikifika?" sauti nyembamba ikauliza kutoka ndani ya kompyuta.

"Ikifika utanikuta."

Asubuhi alimkuta mdogo wake kitandani, macho wazi, nywele zinanuka moshi. Karani alilia, akatukana, kisha akambeba mgongoni mpaka kiwandani. Tarehe ilikwisha fika, kisanduku kimerudi kuwa chekundu; lakini kanuni ya "yupo" ilikuwa juu ya ile ya jini, na mdogo wake sasa alikuwapo kweli. Akamketisha mbele yake, akaandika: yupo.

Kijani.

Mdogo wake akapepesa macho. "Dada, mbona umenibeba kama gunia?"

"Maswali baadaye. Inuka, ukanisaidie kumbeba fundi wa boila."